Daftari la Sataranji la Mahrous

“Bi Radhia, hebu niambie kweli, mumeo anampigia nani ramli?”

Ndivyo jirani yetu Bimdogo alivyomwuliza mkeo siku moja falajini, kwenye mfereji wa maji, povu la sabuni limemfika viwikoni. Mkeo akacheka, akaendelea kufua. Hakujua kwamba swali lile lingekuja kukaa barazani kwetu na kudai jibu.

Mwaka umetimia, Mahrous bin Amur, tangu Mola alipokuita, mwezi wa Rajabu, hapa Ibra. Redio ulizozitengeneza bado zinasema katika nyumba za watu. Bibi wa nyumba ya pili hukuombea dua kila akifungulia taarifa ya habari. Mara tatu ulimtengenezea redio yake, na kila mara ulimwambia, “Waya umelegea tu, bibi. Waya hauna bei.”

Ulikuwa mtu wa sauti ndogo. Chai yako uliinywa nusu, nusu ikapoa, kwa sababu ya sataranji. Ulijifunza Unguja ungali kijana, na mwaka 1972 ulipokuja Omani, ndani ya sanduku lako la bati mlikuwa na msahafu, koti moja, na soksi iliyojaa vipande vya mchezo. Farasi mmoja mweusi alipotea njiani. Badala yake uliweka kitufe cha redio kuukuu, na hakuna aliyekusikia ukilalamika.

Kila mabingwa walipokutana, ikiwa Uholanzi, ikiwa Moscow, ikiwa Yugoslavia, na wewe ulikuwa nao. Sikio kwenye masafa mafupi, penseli mkononi, unaandika kila hatua yao kwa herufi za Kiarabu ndani ya vijumba ulivyovichora daftarini kwa rula. Majina yao yalitushinda kutamka, basi ukawapa ya kwetu. Palikuwa na Bwana Subira, aliyeweza kukaa saa nzima asiguse kitu. Palikuwa na Mafua, ambaye ulituambia haendi mahali bila leso. Na Bwana Harusi, kijana aliyecheza kama mtu aliyechelewa harusi yake.

Binti yako Khole akirudi skuli, kabla hajavua viatu: “Baba, Mafua hajambo leo?”

“Kapigwa.”

“Masikini! Na leso yake?”

Basi nyumba nzima tukamsikitikia mtu tusiyemjua hata sura.

Mkeo, mtu wa kuchunga dini yake, hakutulia mwanzoni. Alikuuliza waziwazi kama mchezo huo hauna ubaya mbele ya Mungu. Hukukasirika. Ulimpa ahadi mbili: hutauchezea pesa, na adhana haitakukuta ubaoni. Akasema, “Haya. Mimi nitakuangalia.” Na akakuangalia miaka yote, huku anashona kofia, jicho moja kwenye sindano na jingine kwako.

Kosa likawa lile daftari. Uliliacha wazi dukani mwako mwa kutengeneza redio, mteja mmoja akaliona: vijumba, herufi, tarakimu, tena herufi, na hakuna neno linalosomeka. Kwa watu wa hapa kitu chenye sura hiyo ni talasimu, maandishi ya uganga, si kitu kingine. Ndipo Bimdogo akauliza alivyouliza. Baada ya siku mbili akaja mama mmoja dukani na kanzu ya mwanawe, akataka aandikiwe kinga.

“Mimi natengeneza redio, mama.”

“Ndiyo, baba, najua,” akasema, akatazama nyuma kama yupo anayesikiliza. “Redio.”

Tulicheka sana. Tuliacha kucheka habari ilipomfikia Bwana Thuwaini. Mwanawe Marhun alikuwa amemposa Khole, na Khole alikuwa amekubali, kwa furaha ambayo alidhani mama yake haioni. Alkhamisi moja ya Januari, mwaka 1983, jua linakaribia kuzama, Bwana Thuwaini akaja peke yake. Mkeo, nyuma ya pazia, akajua kaja kuvunja posa. Khole alimshika mama yake mkono, akaubana mpaka ukauma.

Redio ilikuwa wazi. Yalikuwa mashindano ya Uholanzi, na msomaji alikuwa akitaja hatua za mchezo wa mwisho, Bwana Subira na Bwana Harusi, atakayeshinda ndiye bingwa wa mwaka.

“Mahrous, sikuja kukuvunjia heshima,” akasema Bwana Thuwaini, kwa Kiswahili chake cha Tabora. “Lakini mwanangu hawezi kuoa nyumba ya mpiga ramli.”

“Kaa, yakhe. Tazama mwenyewe.”

Redio ikataja hatua. Ukaandika kijumbani, ukasogeza kipande ubaoni. Ikataja nyingine, ukafanya vilevile. Mara ya nne kidole chake kikatangulia chako.

“Aa. Kumbe herufi ndiyo kipande, na namba ndiyo pale kinapokwenda!”

“Ndiyo hivyo tu.”

“Na hiki kitufe?”

“Farasi.”

“Farasi gani huyu, Mahrous!” Akacheka, kisha akainama. “Mbona Bwana Harusi wako kamwacha waziri wake, mwenye nguvu kuliko wote, aliwe?”

“Ndicho ninachongoja kukijua.”

Mkangoja nyote wawili. Kisha Bwana Thuwaini akakunja uso tena. “Sawa, si ramli. Lakini mchezo huu unamla mtu. Mimi mwenyewe nimekaa kidogo tu na umenishika. Nimwachie mwanangu aoe nyumba isiyojua saa ya swala?”

Adhana ya magharibi iliingia, na msomaji alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuitaja hatua ya thelathini na moja. Ukanyoosha mkono, ukaizima redio.

Kijumba cha hatua ile kimebaki kitupu mpaka leo.

Tunaokukumbuka ni mkeo Radhia. Binti yako Khole na mumewe Marhun bin Thuwaini. Mkwe mwenzako Thuwaini, anayekuja kila Alkhamisi kuufuta vumbi ubao wako na kumpangusa yule farasi wa kitufe. Mwanao Turki aliyeko Maskati. Dada yako Amna aliyebaki Unguja. Na Bimdogo, ambaye siku hizi haulizi kitu. Mola akurehemu. Maadamu tuna pumzi, hatutakusahau, na kila tukikukumbuka tunakuona vile ulivyokuwa magharibi ile: chai imebaki nusu, Bwana Thuwaini amenyoosha mkono juu ya ubao, anakuita, “Mahrous, moja tu, hiyo moja tu!”, na wewe umekwisha kuvaa makubadhi, unatoka kwenda msikitini bila ya neno jingine.