Vikapu Kumi na Viwili Vilivyojaza Uwanja

Mdogo wako Furaha ameposwa! Vikapu vya mchele kutoka Bugarama vimejaza uwanja wangu, na majirani wote wameona kwa macho yao. Sasa ndiyo nakusalimu, mwanangu wa kwanza. Huko Lubumbashi, Kongo ulikorudi, wewe na batoto muko wazima?

Lakini roho yangu haikutulia. Shangazi wa kijana aliyemposa alinishika mkono: “Maman, angalia mali! Uwanja yote imejaa!” Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikacheka kwa meno tu. Mtu anayekuhimiza uangalie, mara nyingi hataki uhesabu.

Tulipatana na wakwe vikapu ishirini. Nikahesabu: kumi na viwili. Nikarudia, nikigusa kimoja kimoja. Kumi na viwili!

Unakumbuka avoka zetu, yale maparachichi tuliyouza sokoni? Jirani alizimwaga zake rundo moja, zikaonekana kidogo. Wewe nilikufundisha kuzitandaza kwa mistari, nafasi sawasawa, mstari wa pili ukiingia kwenye nafasi za ule wa kwanza. Ulikuwa na miaka minane, ukaniuliza, “Maman, zimezaana?” Wateja walimpita jirani wakaja kwetu. Hakuna mwanamke hapa Rusizi nzima aliyepanga kama mimi, na sioni haya kulisema.

Basi vile vikapu vilipangwa hivyohivyo! Nani aliwapa siri yetu? Nikamvuta Furaha jikoni.

“Nani alipanga?”

Akaangalia vidole vya miguu. “Ni mimi, Maman. Maji ilikula shamba yao, wakabaki na kidogo. Niliogopa utabafukuza.”

Kunidanganya kwa ufundi wangu mwenyewe! Nilitaka kukasirika, lakini fahari ikanishinda. Nikatoka, nikawaambia wageni vikapu vimetosha. Shangazi akakaa chini kama aliyetuliwa mzigo.

Bado nashuku. Yule kijana ni mrefu kweli, ao Furaha alimsimamisha kati ya wafupi? Na wewe uliyecheka kwenye simu nilipotaja ishirini, ulijua?

Kwenye harusi upande wao watakuwa wengi. Sisi, tangu tutoke Kongo, tumebaki tisa, tukihesabu na wanao. Nimeazima viti. Nitavipanga kwa mistari, nafasi sawasawa. Chako kiko katikati, mbele kabisa. Kikibaki wazi, wakwe watatuhesabu.

Mungu awalinde njiani.

Mama yako, anayewangoja nyote Jumamosi baada ya Pasaka.