Chungu cha Pumba cha Mama

Matsue, 3 Septemba

Mwanangu Shiori,

Habari za Düsseldorf? Mjukuu wangu Nagi amepona ile homa? Mimi mzima, ila goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio.

Mwezi wa kumi na moja tunamfanyia mama yako ibada ya kumbukumbu ya mwaka wa tatu. Shangazi yako Hatsue ameshashika usukani, unamjua. Juzi kaingia jikoni, kafunua chungu cha pumba, kakuta nimeweka betri za tochi.

"Kaka! Chungu cha wifi yangu Tokie umekifanya kabati?"

"Pumba zilikufa."

"Zilikufaje? Pumba za mchele na chumvi, unatia mkono hadi chini kila siku unakoroga. Hata mtoto anaweza!"

Mwanangu, nilikifunika chungu tu. Mama yako alizitunza tangu alipoolewa, akifukia mboga humo zichachuke, kila jioni akichomoa tango au biringanya la kula na wali. Alipolazwa mimi nilishinda hospitali, na nyumbani zikaoza. Kila nilipoingia wodini aliniuliza, "Umekoroga?" Nami nikajibu, "Nimekoroga." Amekufa akijua ziko hai. Hili sijamwambia mtu ila wewe.

Bahati alikugawia nusu ulipokwenda Ulaya. Sasa ni chako tu kilichobaki. Mumeo Kazuhisa akija Osaka kwa kazi, mpe mboga kidogo kutoka chungu chako. Siku ya ibada nataka mbele ya picha ya mama yako pawe na wali, supu ya miso, na mboga za pumba zake mwenyewe. Vya hoteli sitaki.

Unakoroga, sivyo?

Baba yako

*

Düsseldorf, 29 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Nagi homa imemwacha, sasa ni meno; ananing'inia mgongoni hata nikiosha mchele, na hapa naandika kwa mkono mmoja. Pole kwa goti. Lifunge kwa kitambaa cha moto, usijifanye kijana.

Sisi tunakula vile vile: wali wa sufuria, supu, yai. Matango ya huku ni marefu na yamejaa maji, yakiguswa na chumvi yanalegea. Nitatafuta figili. Chungu kipo pale pale chini ya dirisha. Kazuhisa atakuletea.

Kuhusu hospitali, Baba, mimi sina mdomo wa kukulaumu.

Binti yako,
Shiori

*

Matsue, 26 Novemba

Mwanangu Shiori,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Ibada imekwisha salama. Mkwe wangu alifika na mzigo, kaupakata kama yai tangu kituoni.

Nilipika wali mwenyewe. Mama yako akawekewa wa kwanza, na figili zako kwenye kisahani cha buluu. Halafu tukala sisi. Hatsue alipouma tu akaweka vijiti chini. "Ni Tokie huyu! Ni Tokie mtupu!" Akalia, wakalia wote. Hata mtawa wa hekalu akaongeza wali.

Mimi nilikula kipande kimoja.

Sasa shangazi yako anataka utume konzi ya pumba zenyewe, uzikaushe, awagawie binti zake watatu. Anasema mkono wa Tokie usipotee katika ukoo. Nimwambieje?

Baba yako

*

Matsue, 18 Januari

Shiori,

Heri ya mwaka mpya. Mko wazima? Huku theluji imefika dirishani. Hatsue ananunua vyungu. Vitatu, vya udongo, vya bei. Sijapata barua yako.

Baba

*

Düsseldorf, 2 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limeivumilia theluji. Sisi wazima, na sina kisingizio.

Pumba za Mama zilikufa Agosti. Nagi alipolazwa kwa ile homa, nilifunga madirisha yote nikaenda kukaa naye. Tuliporudi, jua lilikuwa limeshinda jikoni siku zote hizo. Zilikuwa nyeusi, zikinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nilizichimba hadi chini nikitafuta konzi moja iliyo nzima. Hapana. Nikazifunga katika mifuko miwili, nikazipeleka kwenye pipa la taka, nikasimama pale nimempakata mtoto. Jirani Mjerumani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Barua yako ilipokuja nilimwambia Kazuhisa.

"Si ni mboga tu?" akasema.

"Basi mwambie wewe Baba."

"Ah, mimi! Mimi mkwe tu."

Pumba dukani zilikuwa zimekwisha. Mke wa Onodera wa ghorofa ya juu akanifundisha wanavyofanya wenzetu wanaozikosa: mkate mkavu unausaga, chumvi, na bia. Nikakoroga kila siku, nikaonja, nikatupa, nikaanza tena. Zile figili zilipotoka nilijiambia zinatosha kwa picha. Hilo ndilo linalonitia aibu, Baba. Nilisema zinatosha kwa Mama kwa kuwa Mama hawezi kuonja. Na wewe ulinifungulia moyo wako, nami nikakuandikia habari za matango.

Lakini nakuomba jambo moja, na hapo sirudi nyuma. Usimpe Shangazi chochote kwa jina la Mama. Mwambie. Ukishindwa nitamwandikia mwenyewe, hata kama hatanitazama tena. Sitaki Nagi akue akilishwa uongo huu kwenye nyumba tatu.

Binti yako,
Shiori

*

Matsue, 20 Februari

Mwanangu Shiori,

Poleni na baridi. Goti linauma kwa haki yake.

Nilijua. Nilipouma tu, nilijua. Bia, mwanangu! Mtu aliyekunywa bia maisha yake yote, utamfichaje bia? Lakini Hatsue analia, mtawa anaongeza wali, wakanigeukia mimi. Nikasema, "Ndiyo, ni Tokie." Mbele ya picha yake. Nimemdanganya tena, na safari hii hawezi hata kuniuliza. Sijamtazama usoni tangu siku ile. Nabadilisha maji ya maua nikiangalia maua.

Wewe sikukuuliza zaidi kwa sababu "chungu kipo" nilipoisoma, nilisikia sauti yangu wodini.

Jana nimemwambia Hatsue. Yote, kuanzia hospitali. Nilitaka apige kelele. Alivaa viatu akaondoka, mwavuli wake ukabaki. Leo asubuhi nimekuta mlangoni mfuko wa pumba mbichi kutoka kinu cha mchele. Hakugonga. Mwavuli hakuuchukua.

Kwa hiyo tuma hizo za mkate wako, konzi moja ya kuanzishia. Juu ya kopo andika jina lako, si la mama yako. Nitazichanganya na hizi. Betri nimeshazitoa, chungu nimekiosha kwa maji ya moto, kiko juani.

Na kila ukiandika, baada ya salamu, niulize, "Umekoroga?" Siku ambayo sikukoroga, nitakujibu sikukoroga.

Baba yako