Beberu wa Mama na Mizani ya Baba

Nyumba ya nyuma ya kinu,
Jumatano, siku ya tano baada ya maonyesho.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Shikamoo yako sijaipata tangu mwaka jana, ila kwa leo nimekusamehe. Kile kifua kimepona? Sisi wazima, isipokuwa goti la mama, ambalo halitaki ngazi.

Unakumbuka mwenyekiti wa maonyesho alivyogoma kunikabidhi mizani ya marehemu baba. Eti mimi fundi cherehani, tena mwanamke, nitawaonea haya jamaa zangu niwapendelee. Nikapewa mwaka mmoja wa kujaribiwa. Sikuwa na wasiwasi. Mizani ile naijua tangu naota meno.

Na si kitu kidogo hapa kwetu. Palikuwa na kinu tu na njia panda, mpaka majirani wawili walipobishana mbuzi wa nani mzito, nusura watoane roho. Babu akaning'iniza mizani, watu wakaja kutazama. Mwaka uliofuata wakaleta mifugo na mazao yao, maduka nayo yakafuata. Mji mzima umezaliwa na ubishi, ndiyo maana hatunyamazi.

Basi, kwenye maonyesho ya safari hii zamu ya kushindanisha mbuzi kwa uzito ikafika, na nani anamvuta beberu? Mama yetu mzazi. Tumbo la mnyama limevimba, chumvi bado imemganda midomoni. Mchezo wa zamani huo: mlishe chumvi jioni, asubuhi anywe ndoo nzima ya maji, kilo zipande. Macho yote kwangu. Nikaagiza afungwe zizini hadi alasiri, kama baba alivyomfanyia yeyote. Alikojoa huyo beberu, we acha tu. Akapungua kilo tatu, ushindi ukaenda kwa mbuzi wa seremala.

Iliniuma, mdogo wangu. Siku nne mama hakunisemesha. Chakula ananiwekea, uso kaukunja. Nililia jikoni, lakini uamuzi wangu nisingeubadili.

Jana mwenyekiti kaja na ufunguo wa banda la mizani, akawa anasitasita mlangoni. Mama, bila hata kunitazama, akamwambia:

"Mpe. Mimi niliyemzaa hakunipendelea, atampendelea nani?"

Ufunguo ninao mfukoni.

Nisalimie shemeji na yule mtundu wenu wa mwisho. Shangazi anakusalimu. Mama pia, leo asubuhi kanisemesha, kunituma kuni. Mungu akulinde, akurudishe nyumbani salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usiponiamkia,

Mwenye Mizani