Njiwa wa Baba Zuhura wamehama

Jumamosi, baada ya Isha

Mama mkwe amefika leo kutoka Kisarawe, na kitu cha kwanza alichotazama ni banda la njiwa wa mume wangu. Tupu. Kwao husema njiwa huhama nyumba yenye ugomvi, na kweli mwezi mzima tumenuniana.

"Mwanangu, mnagombana?" akaniuliza.

Niliogopa kusema uongo, nikaogopa pia kumwaibisha Baba Zuhura. Akajibu mwenyewe, "Kosa ni langu, mama. Kila jioni nilikaa na njiwa, mke wangu nikamsahau."

"Basi njiwa wamekuzidi akili," mama akamwambia, akacheka.

Nilikuwa nikimwomba Mungu mume wangu aniambie samahani, hata kwa kunong'ona. Ameisema mbele ya mama yake. Alhamdulillahi, sijui niongeze nini.