Moyo wa Mutale uko kuume

Alima, bado nimevaa nguo za upasuaji. Usinipigie, nitasema mambo ambayo sitaweza kuyafuta.

Docteur Chilufya ALIGEUZA ile picha. Ya Mutale, yule mama muuza makala ya kupikia wa soko la Naviundu, aliyeumwa tumbo upande wa kushoto.

Jumatatu nilitundika picha yake ya radio ya kifua sawasawa, herufi D, ya droite, upande wake wa kuume. Moyo ulionekana kuume. Chilufya akacheka mbele ya wanafunzi: "Mama Ramla, miaka yote hii, kutundika cliché bado inakushinda?" Akaigeuza. Herufi D ikasomeka kinyume, hata hakuiangalia.

Nikamwambia nimemsikiliza mgonjwa kifua, moyo unapiga kuume. "Weye sasa iko cardiologue, docteur wa moyo?" Wakacheka tena. Akasema appendice, kile kidole tumbo, haiwezi kuumia kushoto, apewe dawa ya minyoo, arudi kwake.

Leo asubuhi karudishwa, tumbo gumu kama ubao. Tulipofungua, viungo vyote vilikuwa vimebadilishana pande. Appendice iko kushoto, imepasuka, usaha kila mahali. Unajua Chilufya alisema nini? "Cas rare hii, haionekani kila siku! Nilikuwa nashuku."

NILIKUWA NASHUKU.

Halafu tukiwa tunanawa: "Mama, mu rapport uandike cliché ilitundikwa mubaya."

Nikajibu: "Docteur, nitaandika nani aliigeuza."

Mutale bado amelala, ana homa ya 39. Nimekaa kando yake, picha iko mapajani mwangu. Hakuna aliyemwambia moyo wake uko wapi. Akiamka nitamwonyesha. Chilufya akiitaka, aje aichukue mbele yake.