Mkurugenzi Aliyegeuka Mjomba

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na wewe, kinyozi wetu, hukosi vichwa vya kunyoa. Mimi mzima, ila hujificha nyuma ya kabati kila mara Mkurugenzi wetu akipita. Majaribio yangu ya ukarani yanaisha mwezi huu, na ndiye atakayeamua kama nabaki. Hata nikisoma tu cheo chake kwenye tovuti ya ofisi, nakosea kuandika hata jina langu.

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo siku hizi unalalamika kwa adabu. Hapa kitini pangu wakubwa kwa wadogo hunyamaza wembe ukifika shingoni. Ukimwona huyo bwana, nione mimi na aproni yangu yenye nywele. Ila usicheke mbele yake.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa ni salama, na ushauri nimeufuata kwa kompyuta. Kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, hupachikwa viongezo kama vichana vya mashine yako ya kunyolea: mashine ni ileile, kazi inabadilika. Kimoja kinanizuilia matangazo ya biashara, kingine kinapunguza mwanga macho yasiume. Cha tatu hubadilisha neno lolote. Nimekiagiza kila penye “Mkurugenzi” kinionyeshe “Mjomba”. Sasa nasoma “Mjomba anataka ripoti kabla ya saa nne”, na ripoti inaandikika.

Mpwa wako

24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Afya ninayo, kazi sijui. Jana niliambiwa nichapishe tangazo kutoka kwenye tovuti, nilibandike ubaoni. Nikachapisha na kichana kikiwa bado kimepachikwa. Leo ofisi nzima imesoma: “Mjomba anawakumbusha wafanyakazi kwamba Mjomba hatavumilia uchelewaji.” Dereva ameniuliza Mjomba ameamkaje. Mkurugenzi ameniita saa nane. Niwekee ufagio, nitakufagilia nywele.

Mpwa wako

30 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Ufagio upo, lakini mbona kimya? Nimeshanyoa wawili upande upande kwa kukuwaza. Mmoja alikuwa bwana harusi.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa bwana harusi. Nilikuwa nasubiri barua ya ofisi ndipo nikuandikie.

Nilimweleza Mkurugenzi yote, mpaka aproni. Alilisoma tena lile tangazo, akauliza kama huyo mjomba wangu ni mtu mwema. Nikasema ndiyo. Akainuka, akafunga mlango, nikajua yamekwisha. Kumbe alitaka nimpachikie kiongezo kwenye kompyuta yake.

“Kesho nakutana na Bodi,” alisema, huku akizungusha kalamu isiyotulia mkononi. “Kila penye ‘Bodi’, kiandike ‘Wapwa zangu’.”

Barua ya ajira ninayo. Chini imeandikwa “Mkurugenzi”. Nimehakiki mara tatu. Aliniachia agizo moja tu: kabla ya kuchapisha, kichana kitoke.

Ufagio mpe mwingine.

Mpwa wako, karani kamili