Mdomo Mpana Nyuma

3 Machi

Kwa mwanangu, Bi Maswali,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na vitabu vyako. Sisi tupo, ila pumzi ya mama yako inazidi kupungua. Hospitali wametupa mashine ya oksijeni, ile ya mrija wa puani. Umeme unakatika asubuhi mpaka jioni, basi mashine inategemea betri, na betri inategemea ile feni ya upepo niliyoifunga juu ya paa la karakana. Feni yenyewe mvivu. Ikifika saa tisa alasiri betri imekwisha, na mama yako anakaa wima kitandani akihesabu mbao za dari mpaka umeme urudi. Halalamiki, na hilo ndilo linaloniumiza.

Wewe ndiye unayesomea upepo. Niandikie, usipige simu. Masikio haya yameliwa na nyundo miaka arobaini.

Baba yako

14 Machi

Shikamoo Baba, na ya Mama umfikishie. Mimi sijambo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, hata mkoba sijatua.

Izungushie feni bomba fupi la bati, libaki pengo la kidole kimoja tu kati yake na mapanga. Bomba lianze jembamba upande upepo unakotoka, litanuke kuelekea nyuma, na ukingo wa nyuma uukunje kama pindo la sahani. Upepo ukitokea kwenye mdomo mpana, nyuma panabaki mvuto unaovuta upepo mwingine kupitia kwenye feni. Hapa maabara tumepima: feni ileile, upepo uleule, umeme karibu mara mbili. Nimekuchorea, mshale ndio upepo. Sijaona mtu anayekunja bati kama wewe.

Mwanao

29 Machi

Marahaba mwanangu. Mama yako anakusalimu, anauliza kama huko unakula chakula au unakula karatasi.

Kazi imekwisha. Siku nne, ribiti ishirini na nne za kubana bati, na fundi jirani amekuja kuitazama mara mbili akijifanya anapita tu. Ila mchoro wako uliugeuza nyuma mbele, nadhani ni haraka. Nimekurekebishia: mdomo mpana nimeuelekeza kwenye upepo ili uukusanye, mwembamba nyuma. Faneli nilikuwa nazitengeneza kabla hujazaliwa.

Sasa sielewi. Feni imekuwa nzito kuliko mwanzo, na jana mashine ilizima saa saba mchana. Labda hesabu za maabara na upepo wetu havijuani.

Baba yako

6 Aprili

Shikamoo Baba.

Sikukosea mchoro. Geuza. Upepo ukibanwa mbele unapita pembeni, unakwenda zake. Kwa nini uliniuliza kama hukutaka jibu? Mama anakosa pumzi kwa sababu wewe hutaki kufundishwa na mtoto.

Mwanao

2 Mei

Shikamoo Baba. Hali zenu? Mwili wangu mzima, moyo sivyo.

Hujajibu. Yale ya mwisho sikupaswa kumwandikia mzazi, nisamehe. Mama mdogo ananiambia kwenye simu kwamba Mama yuko vilevile, lakini mambo ya feni hayajui. Kama ngazi inakuchosha, mwombe fundi jirani. Niandikie neno moja tu: umegeuza au hukugeuza.

Mwanao

23 Mei

Marahaba mwanangu.

Mama yako mdogo alikupigia, kwa hiyo habari unayo. Usafiri ulikukwamisha, hakuna anayekulaumu kwa kukosa maziko. Nakuandikia jambo ambalo yeye hakuweza kukueleza.

Barua yako ya Aprili niliitia kwenye droo ya misumari. Nilikasirika, tena sana. Ikakaa humo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mama yako aliniona naifunga ile droo kwa goti, akaniambia nimsomee kilichomo. Nikamsomea, mstari wa mwisho nikauruka.

Akasema, "Na huo ulioruka?"

Nikamsomea. Alivuta pumzi kwanza. "Maji unayamimina wewe," akasema, "hayana pa kwenda ila kwenye faneli yako. Upepo nani anaumimina? Mgeuzie mtoto bati lake."

Nilipanda mchana uleule, nikakata ribiti zote ishirini na nne. Kabla ya magharibi feni ilikuwa inavuma mpaka hata mimi nikaisikia.

Wiki tatu na siku mbili mashine haikuzima. Alasiri alikuwa analala kama watu wengine. Barua yako ya Mei ilifika wakati huo, nikaona haya kukuandikia kwamba ulikuwa sahihi. Mama yako alinihimiza, nami nikasema kesho.

Alifariki alasiri, mashine inafanya kazi, betri imejaa. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu. Na lile jingine pia: alasiri kumi na moja alikaa wima bila sababu, mimi niko chini nagonga ndoo. Hizo ni zangu, wewe usijitwishe hata moja.

Uliomba neno moja. Nimegeuza.

Feni bado inazunguka. Kila siku kabla ya adhuhuri betri imejaa, na hakuna wa kuitumia. Nakuuliza tena, na safari hii nitafanya kama utakavyochora: umeme huu niufanyie nini?

Baba yako